Salio la 2025 ni karibu lile lile la 2018: shirika letu dogo la afya liko salama au linazama?

MjumbeWaBodi

Habari zenu wakuu. Naomba wanaojua hesabu za mashirika ya hisani wanisaidie kusoma hizi namba, maana bodi imegawanyika nusu kwa nusu.

Shirika limesajiliwa Uingereza, ni CIO (aina ya shirika la hisani la Uingereza ambalo si kampuni) chini ya Charity Commission (msimamizi wa mashirika ya hisani kule), halina mwajiriwa hata mmoja kule. Linagharamia kituo cha afya kimoja kusini mwa Tanzania: mishahara ya watumishi wanne, dawa za uzazi, mafuta ya gari la wagonjwa na mafunzo ya wakunga. Mwaka wa fedha unaisha 31 Machi. Namba nimezizungusha kwa maelfu ya pauni. Ya kwanza ni mapato, ya pili matumizi, ya tatu salio la mwisho wa mwaka.

2018/19: 84 | 79 | 59
2019/20: 91 | 88 | 62
2020/21: 176 | 104 | 134
2021/22: 69 | 118 | 85
2022/23: 134 | 109 | 110
2023/24: 77 | 112 | 75
2024/25: 80 | 106 | 49

Tulianza Aprili 2018 tukiwa na 54. Mwaka 2020/21 tulipata ruzuku ya £90,000 ya miaka mitatu kutoka mfuko mmoja wa familia. Mwaka 2022/23 mfadhili mmoja alifariki akatuachia £60,000 kwenye wosia, bila masharti. Sera yetu ya akiba inasema miezi 6.

Wanaosema tuko salama wanagawanya hivi: 49 kwa 106, mara 12, tuna miezi mitano na nusu, basi tumepungukiwa nusu mwezi tu. Wengine wanasema tukate matumizi leo. Halafu kuna jambo la tatu: kituo kinalalamika kwamba fedha zimepungua, wakati sisi tunatuma pauni zile zile kila robo, £15,000. Nani yuko sahihi?

Mhasibu_Mstaafu

Mkuu, kabla ya jibu: hesabu zenu ni za fedha iliyoingia na kutoka tu, au ni zile kamili zenye wadai na wadaiwa? Kwa hesabu za 2024/25, CIO yenye mapato yasiyozidi £250,000 iliruhusiwa kuchagua. Kwa jinsi 2020/21 ilivyoruka, nadhani ni kamili.

Ikiwa ni hivyo, huo mruko si utajiri. Chini ya SORP (kanuni za hesabu za mashirika ya hisani Uingereza), ruzuku ya miaka mitatu isiyo na sharti la utendaji wala la muda kwenye barua yake huandikwa yote kwenye mwaka mliopata haki nayo. Kwa hiyo mwaka wa kwanza unaonekana mnono, wa pili na wa tatu inaonekana mnavuja, ilhali hakuna lolote kati ya hayo mawili lililotokea. Ndiyo maana mtu anayechungulia zile chati za nguzo za miaka mitano kwenye tovuti ya Charity Commission bila kufungua ripoti yenyewe anatoka na picha ya uongo.

Fanya hivi. Chukua karatasi, ondoa kwenye mapato kila kisichojirudia: ile 90 yote na ule wosia wa 60. Kisha ondoa kwenye matumizi kile kilicholipwa na ruzuku. Nikidhani mlitumia 30 kila mwaka kwa miaka mitatu, inabaki hivi (mapato ya kawaida, matumizi ya kawaida, tofauti):

2018/19: 84, 79, ziada 5
2019/20: 91, 88, ziada 3
2020/21: 86, 74, ziada 12
2021/22: 69, 88, nakisi 19
2022/23: 74, 79, nakisi 5
2023/24: 77, 112, nakisi 35
2024/25: 80, 106, nakisi 26

Tazama mistari miwili ya mwisho. Ruzuku iliisha Machi 2023. Matumizi yalipaswa kushuka kwa 30 hivi, hayakushuka. Yalipanda kwa 3. Maana yake watumishi na shughuli zilizoanzishwa kwa ruzuku zimeendelea, na anayewalipa tangu hapo ni marehemu. Wastani wa nakisi ya miaka hiyo miwili ni 30.5, karibu sawasawa na fungu la mwaka mmoja la ile ruzuku. Sidhani kama ni bahati mbaya.

Salio la 2018 na la 2025 kukaribiana hakuna maana yoyote. Mmekula 65 kwenye uendeshaji wa kawaida, mkapewa 60 na wosia, mkabaki pungufu kwa 5.

Kwa mwendo huu, mkiwa na 49 na mnapoteza 26 kwa mwaka, wengine watasema mna karibu miaka miwili. Hawako sahihi, lakini ili nikuonyeshe kwa nini, nahitaji kuona ukurasa wa mifuko: ile 49, kiasi gani kina masharti, yaani kilitolewa kwa kazi maalum tu?

DaftariJekundu

Swali la Mhasibu ndilo lenyewe. Ongeza na hili: mapato ya 2024/25 na matumizi yake, yagawe pia kati ya fedha huru na fedha zenye masharti. Yapo kwenye jedwali kuu la ripoti yenu, safu za katikati, zile ambazo wajumbe wengi huziruka wakaenda kusoma jumla mwisho wa ukurasa.

MjumbeWaBodi

Ahsanteni sana. Ndiyo, hesabu ni kamili, na ruzuku ilitumika 30 kila mwaka kama ulivyokisia.

Salio la 49: fedha huru 18, zenye masharti 31 (22 ni mchango wa mashine ya ultrasaundi, 9 mafunzo ya wakunga).
Mapato ya 80: huru 52, masharti 28.
Matumizi ya 106: huru 83, masharti 23.

Kama inasaidia, hiyo 49 imetokana na: benki £46,800, Gift Aid (nyongeza ya kodi kwenye michango) tunayoidai HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, £3,200, toa £1,000 tunayodaiwa na mchunguzi wa hesabu.

DaftariJekundu

Basi picha ni mbaya kuliko hata alivyoonyesha Mhasibu.

Nakisi ya jumla ni 26, lakini ndani yake kuna mambo mawili yanayokwenda kinyume: upande wa masharti mmeongeza 5, upande huru mmepoteza 31. Fedha huru zilikuwa 49 Aprili 2024, sasa ni 18. Gawanya 18 kwa 31, mara 12: miezi saba kasoro kidogo. Kuanzia 31 Machi 2025, hapo ni karibu na mwisho wa Oktoba 2025.

Na siku hiyo akaunti ya benki bado itakuwa na zaidi ya £30,000. Hapa ndipo mashirika madogo yanapokufa bila kujua. Mweka hazina anafungua simu, anaona salio zuri, analipa mishahara. Anayelipa ni mashine ya ultrasaundi. Kisheria huko ni kuvunja amana, na wadhamini, yaani nyinyi wajumbe wa bodi, wanaweza kutakiwa kurudisha kutoka mifukoni mwao.

Kila mwezi andikeni mstari huu mmoja juu ya taarifa ya fedha, kabla ya kitu kingine: benki, toa fedha zote zenye masharti, ongeza mnachodai kwa uhakika, toa mnachodaiwa. Kwenu: 46,800 − 31,000 + 3,200 − 1,000 = 18,000. Hiyo ndiyo pesa yenu. Ile miezi mitano na nusu ya wenzako imetumia fedha za mashine kama akiba. Hesabu halali ni 18 kwa 83, mara 12: miezi miwili na siku kumi na nane hivi.

Jambo jingine la haraka: ikiwa wadhamini wana shaka kama shirika litamaliza miezi kumi na miwili tangu kusaini hesabu, shaka hiyo inaandikwa kwenye ripoti. Msimwachie mchunguzi aigundue yeye. Ana wajibu wa kisheria kuiarifu Charity Commission mambo mazito anayokutana nayo.

Kijana_wa_Excel

Kwani si mhamie tu kwenye hesabu za fedha taslimu? Mmesema mko chini ya £250,000. Hakuna mambo ya ruzuku kuandikwa mwaka mmoja, na ripoti inakuwa kurasa tatu.

Mhasibu_Mstaafu

Inaruhusiwa, ndugu, kwa CIO (kampuni haziruhusiwi hata zikiwa ndogo namna gani). Ila angalia kinachopotea. Mkiahidi kituo mshahara wa miaka miwili, kwenye hesabu kamili ahadi hiyo inaonekana kama deni. Kwenye hesabu za taslimu haionekani kwenye jedwali la fedha kabisa. Inabaki kwenye orodha ya mali na madeni mwishoni ambayo hakuna anayeisoma. Mifuko yenye masharti bado mnatakiwa kuionyesha mbalimbali. Na uchunguzi huru hauondoki, maana mapato yamezidi £25,000. Kwa shirika lililo kwenye hali hii, kubadili mfumo mwaka huu ni kuzima taa wakati unatafuta sindano.

Kibubu_Mtwara

Niko upande wa wanaopokea, niseme kuhusu shilingi, maana hilo swali la tatu halijaguswa.

Pauni zile zile si shilingi zile zile. Juni 2021 pauni moja ilikuwa karibu sh 3,250. Mwishoni mwa Septemba 2022, ile wiki pauni ilipoporomoka, ilifika karibu 2,500. Septemba 2024 ikawa takribani 3,600, kwa sababu shilingi yetu ilikuwa imeshuka. Kisha shilingi ikapanda ghafla, na kufikia mwisho wa Desemba 2024 pauni ilikuwa karibu 3,000. Chukua hizo £15,000 zenu: Septemba 2024 zinafika kama milioni 54, Desemba kama milioni 45. Milioni tisa zimepotea ndani ya miezi mitatu na hakuna aliyeiba. Ukiwa London unaona mstari ulionyooka; mganga mfawidhi anaona robo ya kwanza ananunua dawa za akiba, robo ya pili anakopa mafuta ya gari.

Dawa yake ni kuandika bajeti ya kituo kwa shilingi, si kwa pauni. Mnakubaliana kwamba robo moja ni milioni 45. Bodi inapanga bajeti yake ya pauni kwa kiwango cha tahadhari, tuseme 3,000. Ikitokea pauni imepanda hadi 3,400, mnatuma £13,235 tu na zile £1,765 zinabaki Uingereza kwenye mfuko uliotengwa kwa ajili ya robo mbaya. Ikishuka, mnachota humo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutuma pauni zote wakati kiwango ni kizuri. Kituo kinapanua matumizi, kinaajiri mlinzi wa pili, na kurudi nyuma ni ugomvi.

Kila uhamisho uwe na mstari wake kwenye daftari, wenye: tarehe, pauni zilizotoka, ada ya benki ya kutuma, shilingi zilizoingia, kiwango mlichopewa, na kiwango cha Benki Kuu siku hiyo. Gawanya shilingi zilizoingia kwa pauni zilizotoka. Ikiwa tofauti na Benki Kuu inazidi asilimia 2 au 3, kuna mtu anakula katikati, na mara nyingi ni benki ya njiani kwenye SWIFT, mtandao wa benki wa kutuma fedha nje. Mwambieni benki yenu itumie chaguo la OUR, yaani mtumaji abebe ada zote. Kwenye SHA (ada zinagawanywa) benki za njiani hukata kimya kimya na kituo kinapokea namba isiyolingana na barua yenu. Ombeni kila mara nakala ya ujumbe wa malipo wa SWIFT (zamani MT103). Hiyo husaidia kufuatilia nani alikata nini.

Kumbukumbu hizo zina kazi nyingine. HMRC inataka shirika lichukue hatua za kuridhisha kuhakikisha fedha zilizotumwa nje zimetumika kwa kazi ya hisani. Ikikosekana, kiasi hicho kinaweza kuhesabiwa si matumizi ya hisani na kutozwa kodi. Kwa hiyo marejesho ya robo iliyopita yafike kabla robo mpya haijatumwa: taarifa ya benki ya kituo, usuluhishi wa benki uliosainiwa na watu wawili, orodha ya malipo ya mishahara yenye saini, na risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) za dawa na mafuta. Risiti ya mkono kutoka kituo cha mafuta msiikubali.

Halafu mishahara. Ofisi za Ulaya hupenda kuandika mshahara ghafi na kuishia hapo. Mtumishi wa sh 900,000 ghafi anagharimu zaidi: NSSF (hifadhi ya jamii) upande wa mwajiri asilimia 10 ni 90,000, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5 ni 4,500, jumla 994,500. Kituo kikifikisha wafanyakazi kumi inaongezeka SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi. Kama bajeti yenu haina mistari hiyo, kuna mtu anaiziba kwa kuchelewesha michango ya NSSF, na deni hilo lina adhabu kila mwezi. Ulizeni control number (namba za malipo ya serikali) za mwisho zilizolipwa, mtajua.

MamaLeja

Naongezea kwa Kibubu, kwa ufupi. Kituo chenyewe kina mapato: wanaolipa papo kwa papo na wa bima. Mwombeni mganga mfawidhi madai ya bima ya miezi 12, safu tatu tu: kilichodaiwa, kilicholipwa, kilichokatwa. Makato makubwa kwa kawaida si ubaya wa mtu, ni fomu: ile ya madai ya bima, 2A&B, isiyo na saini ya mgonjwa, utambuzi wa ugonjwa usiolingana na dawa, dawa isiyoruhusiwa kwa ngazi ya kituo, au namba ya idhini iliyokosewa. Karani mmoja mwenye kuzikagua fomu kila jioni kabla hazijafungwa hurudisha fedha kuliko mnada wa keki Manchester.

Na kama mshirika wenu huku amesajiliwa kama NGO, mkataba wa ufadhili unaozidi sh milioni 20 unatakiwa upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, kwa kanuni za 2018. Wengi hugawanya mkataba vipande vya milioni 19. Msifanye. Msajili anaweza kujumlisha.

Mhasibu_Mstaafu

Nirudi kwenye akiba, kwa sababu hiyo "miezi 6" nayo inawapotosha kwa upande mwingine. Nusu ya 106 ni £53,000. Kwa mwenye 18 hilo ni lengo la kukatisha tamaa, na halijatokana na chochote. Mtu alilinakili kutoka sera ya shirika jingine. Jengeni namba kutoka chini:

Robo moja ya kituo, ikiwa michango itasimama: £15,000.
Gharama ya kufunga kwa heshima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi miaka 10, na notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mtumishi wa sh 900,000 aliyetimiza miaka mitano: mshahara wa siku ni kama 34,600 kwa siku 26, mara 35, ni milioni 1.2, jumlisha notisi, milioni 2.1. Wanne ni milioni 8.4, yaani £2,800 kwa kiwango cha 3,000. Likizo isiyochukuliwa inaongezwa juu yake.
Kuyumba kwa shilingi, asilimia 10 ya £60,000 za mwaka: £6,000.
Gharama za Uingereza, mchunguzi, bima, benki: £1,200.

Jumla £25,000. Hapo pengo ni £7,000, kitu ambacho bodi inaweza kukiona kwa macho.

Lakini akiba haiwezi kujazwa wakati upande huru unavuja 31 kwa mwaka. Hapa sina njia laini. Mambo matatu. Kwanza, ombeni wale wenye kutoa fedha zenye masharti waruhusu sehemu ya gharama za uendeshaji kwenye ruzuku zijazo; mfuko wa mafunzo unaotoa fedha za mafunzo tu bila sehemu ya mshahara wa anayeyasimamia unawala nyinyi. Pili, kama kituo ni cha taasisi ya dini, mwenye kituo aende kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri kuuliza mkataba wa huduma. Halmashauri huweza kuazimisha watumishi, na mkunga mmoja kwenye orodha ya malipo ya serikali ni nafuu ya kila mwaka, si ya mara moja. Hilo huchukua muda mrefu, ndiyo maana lianze sasa. Tatu, punguzeni, na mwambieni mwenye kituo namba halisi leo, si Septemba. Notisi ya siku 28 na majadiliano yanayotakiwa kisheria kabla ya kupunguza wafanyakazi hayafanyiki kwa akaunti tupu.

GiftAid_Fundi

Kabla hamjakata mtu, hakikisheni mmedai chenu. Gift Aid ni 25p kwa kila £1, na CIO ina miaka minne tangu mwisho wa mwaka wa fedha ambamo mchango ulitolewa. Michango ya 2021/22 inadaiwa hadi 31 Machi 2026. Mwaka huo ndio mapato yenu yalianguka hadi 69. Angalieni kama ni wafadhili walioondoka au ni madai yaliyosahaulika.

Namna ya kupata waliosahaulika: pakua miamala ya benki ya miaka minne, chuja wachangiaji wa kila mwezi, linganisha na orodha ya fomu za tamko. Kila asiye na fomu apelekewe barua moja. Tamko linataka jina, anwani ya nyumbani, jina la shirika, na kauli kwamba analipa kodi ya kutosha. Tamko moja linaweza kufunika na miaka minne ya nyuma likiandikwa hivyo. Wachangiaji ishirini wa £20 kwa mwezi wasio na fomu ni £4,800 kwa mwaka, yaani £1,200 mnaziacha mezani, mara miaka minne.

Visivyodaiwa: michango ya makampuni, vocha za CAF (Charities Aid Foundation), tiketi za chakula cha hisani, bahati nasibu. Vikapu vya sarafu vina mpango wake, GASDS: michango ya £30 kushuka, hadi £8,000 kwa mwaka, mnapata hadi £2,000, ila dirisha ni miaka miwili tu na lazima muwe mmedai Gift Aid ya kawaida mwaka huo huo. Sehemu kubwa ya fedha hii ni huru, ndiyo mnayoikosa.

DaftariJekundu

Tahadhari moja kwa mtakaoendelea kulinganisha miaka: kama kuna mwaka mlituma kontena la dawa au vifaa vya msaada, thamani yake huenda imeingia pande zote mbili za hesabu. Itoeni. Thamani za dawa za msaada ni mpira. Marekani kuna wakati kidonge kimoja cha minyoo kiliandikwa zaidi ya dola 10 kwenye hesabu za mashirika, huku soko la kimataifa kikiuzwa kwa senti chache. Na dawa itakayofika ikiwa na chini ya mwaka mmoja kabla ya kuisha muda kwa kawaida haifai kutumwa kwa mwongozo wa WHO, kwa hiyo isihesabiwe msaada.

MjumbeWaBodi

Nimechukua yote, kikao ni Jumamosi. Swali la mwisho. Ile 22 ya ultrasaundi ilichangwa na watu wengi wadogo wadogo kwa kampeni ya mtandaoni. Bei ya mashine imekuja £16,500. Inabaki £5,500. Hiyo si tunaweza kuihamishia fedha huru?

DaftariJekundu

Si kwa uamuzi wenu peke yenu. Fungua maneno ya kampeni yenyewe. Kama yalisema "ikizidi tutatumia kwa kazi nyingine za shirika", hamisheni, andikeni kwenye muhtasari wa kikao, basi. Kama hayakusema, mabaki hayo yana utaratibu wake tangu 31 Oktoba 2022: wadhamini wanaweza kupitisha azimio la kubadili matumizi, na kwa waliotoa £120 au pungufu kwa mwaka hamlazimiki kumtafuta mmoja mmoja, lakini kiasi kikizidi £1,000 lazima Charity Commission iridhie. Matumizi mapya nayo yawe karibu na yale ya awali, si mshahara wa mlinzi.

Ila bado sijaamini kama imebaki. £16,500 ni mashine peke yake au na probu ya pili? Kuna stabilaiza ya umeme, betri ya kuhimili umeme unapokatika, jeli, karatasi za kuchapishia picha, usafiri hadi kituoni, mafunzo ya mtumiaji na mkataba wa matengenezo wa miaka mitatu. Ombeni proforma yenye mistari hiyo yote kabla ya Jumamosi.